Mmefika Wapi?

Saa kumi na moja alfajiri, Dar ingali gizani,
Somoe kavaa magauni matatu, moja juu ya jingine,
maana mizani ya uwanja wa ndege haina undugu
na begi lake lilizidi kilo nne.
"Mwili haupimwi," akasema, akapita
akitembea kama kabati lililofunzwa adabu.

Ndege yenyewe ya mapangaboi mawili.
Tekla aligombea dirisha, akalipata,
kisha tulipopaa akafumba macho
na kuniachia alama nne za kucha mkononi.
Chini, Rufiji ilijigawa vijito vijito
kama mgeni asiyejua aingie kwa mlango upi.
Bakiri alilala toka mkanda ulipobana.
Alipoamka chai ilishapita,
akatudai chai hiyo hadi jioni.

Mtwara.
Joto lilitulaki kwenye ngazi kama shangazi,
likatukumbatia hata mizigo hatujatua.
Somoe akavua gauni la kwanza.

Mzee Nankanga alitusubiri nje na ufunguo
uliofungwa kwa kipande cha kitenge.
Spasio ya kijivu. Alituonyesha mchubuko mmoja mmoja
kama mtu anayetambulisha ukoo:
huu ni wa mbuzi wa Nanyamba, huu wa geti la wakwe.
"Kipimo cha mafuta kimekufa, hesabuni kilomita.
Kioo cha nyuma kulia, kisukumeni kwa kiganja.
Mengine mtayajua humo humo."
Nguo ya kuazima haisitiri, walisema wahenga,
na hao hawakuwahi kukodi gari.

Mikindani, simu.
"Mmefika wapi?"
Bakiri akajibu kwa heshima, mikono miwili kwenye usukani.

Mpapura, simu.
"Mmefika wapi?"
"Huyu anadhani tutaliuza," Tekla akasema,
na tukacheka kicheko kile cha bwenini,
cha kuficha uso kwenye mto matroni asisikie.
Miaka tisa, na bado kinatoka na sauti ileile.

Kisha mabibo.
Mtoto alikuwa na ndoo nzima kando ya barabara,
mekundu, ya njano, yanang'aa kama yamepakwa mafuta,
nani angepita? Tulinunua yote na ndoo tukairudisha.
Tulikula huku tunakwenda, tumeinamisha vichwa,
koo zikikereketa, vidole vikinata,
hata Somoe, kwenye gauni la pili,
hata mimi, niliyewaambia wachunge viti.

Doa la bibo halina sabuni.
Lilikuwa kwenye kiti cha nyuma, upana wa sahani,
nasi tukiliangalia linakomaa.

Mnazi Mmoja, simu.
Hakuna aliyepokea.
"Anajua," Tekla akanong'ona.
Tukakata kulia, njia ya Lindi, kimya,
kila mtu akipiga hesabu ya kiti kipya kugawa kwa nne.

Ngongo ikalia tena. Nikapokea mimi.
"Mmefika... samahani," mzee akasema.
"Nilikuwa naona haya kuuliza.
Tazameni chini ya kiti cha mbele.
Kiatu cha mwanangu. Cha kushoto.
Jumatatu shule, na cha kulia kinamsubiri mwenzake."

Somoe akainama, magauni yakamkaba,
akapapasa kati ya maganda na karatasi za pipi,
akakitoa.

Cheusi. Kinaenea kiganjani.
Soli imeshonwa kwa uzi wa nyavu,
kamba ina mafundo mawili
ya mtu anayejifunza kufunga mwenyewe.

Hatukusema kitu. Tekla alikifuta kwa ncha ya kanga
aliyoinunua kwa ajili ya harusi ya Mwanahawa,
akakiweka mbele, juu ya dashibodi,
kidole kikitazama barabara.

Hivyo ndivyo tulivyoingia Lindi:
mteremko, majaruba ya chumvi yakimeta upande mmoja,
watu wanne wenye midomo inayowasha
na abiria wa tano asiye na mguu.

Mbele ya nyumba ya harusi Bakiri alizima gari,
akampigia yeye.
"Mzee," akasema, "kimefika."

La doa tulimwambia Jumapili.